Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya nishati: tuambieni gesi ya Kusini ni kiasi gani kwa kweli

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya nishati na petroli,
Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: TAKWIMU ZA AKIBA YA GESI ASILIA YA LINDI, MTWARA NA KINA KIREFU CHA BAHARI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu ya kulitumikia taifa. Rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Lindi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha mada ya nishati: mafuta, gesi na makaa ya mawe ya dunia yako wapi, kwa nini yako huko na si kwingine, na nani anayo mengi kuliko wenzake. Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imeshindikana. Barua zangu kwa ofisi ya umma inayohusika zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na habari zake zikaishia hapo. Nilipofuatilia niliambiwa jalada liko kwa mkubwa, kisha mkubwa yuko safarini, kisha nisubiri Bunge la bajeti liishe. Niliuliza pia kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nikajibiwa kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu. Sikatai kwamba ni ya kitaalamu. Lakini wataalamu hao wanalipwa kwa kodi zetu, na kutueleza tukaelewa ni sehemu ya kazi yao.

Swali langu lilikuwa moja na halijabadilika: katika futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi asilia ambazo tumekuwa tukitajiwa mwaka baada ya mwaka, ni kiasi gani kimethibitika kwamba kinaweza kutolewa, kikafikishwa sokoni na kuuzwa kwa faida? Kwa kukosa jibu, naziweka hoja zangu hapa chini ili kila Mtanzania azisome.

1. Kilichomo ndani ya mwamba si kile kitakachotoka

Trilioni 57.54 ni makadirio ya gesi yote iliyomo ndani ya miamba kwenye maeneo yaliyogunduliwa. Trilioni 47 na zaidi ziko kwenye vitalu, yaani maeneo ya utafutaji, vya kina kirefu mbele ya pwani yetu, ambako pengine unashuka mita 2,500 za maji matupu kabla hujagusa sakafu ya bahari, achilia mbali mwamba wenye gesi. Trilioni kumi hivi ziko nchi kavu na kwenye maji ya kina kifupi: Songo Songo iliyogunduliwa 1974, Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, Ntorya, Mkuranga na kwingineko.

Wahandisi wa petroli duniani kote hupanga namba hizi kwa ngazi, na nchi yetu ina wahandisi wanaozijua ngazi hizo vizuri kuliko mimi. Kwanza kuna gesi iliyomo. Ndani ya hiyo kuna gesi inayoweza kutolewa, kwa kuwa hakuna mwamba unaoachia gesi yake yote. Mgandamizo ukishashuka, sehemu fulani hubaki chini daima. Na ndani ya hiyo inayoweza kutolewa ndimo ilimo akiba, yaani gesi ambayo pamoja na kutoleka ina mradi ulioamuliwa, mtaji, kibali, miundombinu na mnunuzi. Hata akiba yenyewe ina madaraja. Iliyothibitika ni ile ambayo uwezekano wa kuipata haupungui asilimia 90. Ukijumlisha na ile ya daraja linalofuata, uwezekano hushuka hadi asilimia 50, na ukiongeza daraja la mwisho unabaki na asilimia 10.

Gesi iliyogunduliwa lakini haina mradi ulioamuliwa haiingii kwenye akiba kabisa. Huwekwa kwenye fungu lake, la rasilimali zinazosubiri masharti kutimia. Gesi yetu yote ya kina kirefu iko kwenye fungu hilo. Hakuna bomba linaloitoa baharini, hakuna kiwanda cha kuisindika, hakuna uamuzi wa mwisho wa uwekezaji. Tangu kisima cha Pweza kilipoigundua mwaka 2010, na Zafarani mwaka 2012, hakuna hata futi moja ya gesi hiyo iliyofika nchi kavu kwa ajili ya kuuzwa.

Huku kwetu mkulima wa korosho hayahesabu maua ya Julai kama magunia yaliyokwisha kuingia ghalani. Anajua ubwiri unga, mvua isiyo na msimu na bei ya mnada vyote viko katikati, na mtu akimkopesha kwa kuhesabu maua humwonya yeye mwenyewe. Tunachoomba ni kwamba serikali itumie uangalifu uleule.

Wala si jambo geni katika ukanda huu. Uganda ilipogundua mafuta kando ya Ziwa Albert ilitangaza namba mbili: mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini, na mapipa bilioni 1.4 hivi yanayoweza kutolewa. Tofauti ni zaidi ya mara nne, na wameitaja bila kuona haya. Wawekezaji walipotangaza uamuzi wao wa mwisho Februari 2022 walitegemea ile namba ndogo, nayo ndiyo itakayopita kwenye bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Kenya ni hivyohivyo. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiendesha mradi wa Lokichar Kusini, Turkana, ilitaja mapipa bilioni 2.85 yaliyomo, na milioni 585 tu yanayoweza kutolewa. Mkenya anayetaka kujua anajua. Kwa nini Mtanzania asijue?

2. Dunia haituhesabu mnavyotuhesabu

Nimewafundisha wanafunzi wengi kusoma majedwali ya nishati ya dunia, kwa hiyo naomba niyatumie. Kwa hesabu za mwisho wa mwaka 2020 zilizokusanywa na kampuni ya mafuta ya BP, nusu ya gesi yote iliyothibitika duniani ilikuwa kwenye nchi tatu: Urusi mita za ujazo trilioni 37, Iran trilioni 32, na Qatar karibu trilioni 25. Iran na Qatar zinachangia uwanja mmoja mkubwa mno ulio chini ya maji ya Ghuba. Upande wa Qatar uligunduliwa 1971, na meli ya kwanza ya gesi kimiminika, yaani gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, ikaondoka huko mwishoni mwa 1996. Kwenye mafuta, Venezuela iliongoza kwa asilimia 17.5, Saudi Arabia ikafuata kwa asilimia 17.2, kisha Kanada, Iran na Iraq. Makaa ya mawe yamelala kwingine kabisa: Marekani, Urusi, Australia, China na India zina robo tatu ya makaa yote.

Tanzania haimo kwenye jedwali hilo la gesi kwa jina lake. Imefungwa pamoja na nchi nyinginezo za Afrika. Na hata zile trilioni 57.54 zote zingekubaliwa kuwa akiba, ambazo kwa mita za ujazo ni trilioni 1.6, tungekuwa na chini ya asilimia moja ya gesi ya dunia. Kwa nchi yetu hicho ni kiasi kikubwa, na nakitakia kheri. Ila si kiasi cha kumfanya mtu aimbe kwamba tumekuwa Qatar ya Afrika, kama tulivyosikia kwenye majukwaa.

Kuna jingine zito zaidi. Taarifa za serikali ya Marekani kwa miaka mingi ziliipa Tanzania gesi iliyothibitika ya mita za ujazo bilioni 6.5 tu, sawa na futi za ujazo trilioni 0.23. Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwenye bonde lilelile la miamba, ilipewa futi trilioni 100. Gawanyeni 57.54 kwa 0.23: namba tunayoisikia Dodoma ni mara 250 ya ile inayosomwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu kule Washington. Mimi naamini ile ya Wamarekani ni ndogo mno kuliko ukweli. Lakini kama serikali yetu haisemi namba ya katikati, yenye madaraja na tarehe, nitamrekebisha vipi mtu anayeiamini hiyo?

Nasisitiza hili kwa sababu akiba ni namba inayoweza kupanda na kushuka ofisini bila mtu kuchimba shimo hata moja. Katika miaka ya 1980, wanachama wa OPEC, jumuiya ya nchi zinazouza mafuta nje, walipoanza kugawana viwango vya uzalishaji huku akiba ikitajwa miongoni mwa vigezo, Kuwait, Iran, Iraq, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia zilipandisha akiba zao kwa mkupuo bila uvumbuzi mpya wa kiasi hicho. Saudi Arabia iliruka kutoka mapipa bilioni 170 hivi hadi bilioni 255. Januari 2004 kampuni ya Shell, ambayo leo ni miongoni mwa wabia wa vitalu vyetu, ilikiri kwamba mapipa bilioni 3.9 iliyokuwa ikiyaita akiba iliyothibitika hayakustahili jina hilo. Mwenyekiti wake aliondoka Machi mwaka huohuo, na wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani na Uingereza wakaipiga faini. Kwenye masoko yale, kuita akiba kitu ambacho si akiba ni kosa linaloadhibiwa, kwa sababu kuna mtu ananunua hisa kwa kuiamini namba. Huku kwetu kuna mtu anauza shamba lake kwa kuiamini namba.

Na Venezuela, inayoongoza orodha ya mafuta? Mafuta mazito ya ukanda wa Orinoco yalijulikana tangu miaka ya 1930. Katikati ya miaka ya 2000 nchi hiyo ilikuwa ikihesabiwa mapipa bilioni 80 hivi. Kufikia 2010 ikahesabiwa karibu bilioni 300, kwa kuwa mafuta hayo mazito yalihakikiwa upya na kuingizwa kwenye akiba wakati bei iko juu. Miaka kumi baadaye uzalishaji wake ulikuwa umeporomoka hadi chini ya mapipa milioni moja kwa siku, na mamilioni ya raia wake wameikimbia nchi. Mafuta hayajahama, yako palepale chini. Waliohama ni watu.

3. Watu wa Kusini wamepanga maisha yao kwa namba hiyo

Hii ndiyo hoja inayoniuma kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Baada ya uvumbuzi wa 2010 na kuendelea, bei ya viwanja Mtwara na Lindi ilipanda kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiona. Nyumba za wageni zikajengwa. Wengine waliuza mikorosho ya urithi ili wapate mtaji wa kukaa tayari kwa gesi. Vijana wakajiandikisha kusomea uchomeleaji, umeme na ukarimu kwa sababu waliambiwa kiwanda kinakuja. Wakazi wa Likong'o na mitaa jirani, ambako kiwanda cha gesi kimiminika (LNG) kilipangiwa kujengwa, walisubiri kwa miaka huku ardhi yao ikiwa imetengwa. Hawajui wapande mkorosho mpya au wasipande, waezeke nyumba au waache. Fidia ilianza kulipwa mwaka 2020. Juni 2022 yakasainiwa makubaliano ya awali kule Dodoma, na mwaka uliofuata tukatangaziwa kwamba majadiliano yamekamilika. Hadi naandika barua hii uamuzi wa mwisho wa uwekezaji haujatangazwa.

Nataka kusema jambo kuhusu mwaka 2013, na nalisema kwa uangalifu kwa sababu kuna familia zinazoomboleza mpaka leo. Januari na Mei mwaka ule Mtwara iliwaka moto juu ya bomba la kwenda Dar es Salaam. Watu walipoteza maisha, nyumba zikachomwa, jeshi likaletwa. Vurugu hazina utetezi na sizitetei. Lakini wakati ule nilikuwa nikizungumza na wazazi wa wanafunzi wangu, na wengi waliamini kwamba bomba lile linakuja kubeba utajiri wote wa trilioni zilizotangazwa, wabaki na mashimo. Hakuna aliyekuwa amewaeleza vizuri kwamba gesi ya bomba lile ni ya Mnazi Bay na Songo Songo, na kwamba ile ya kina kirefu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya namba, haihusiki nalo kabisa. Bomba likajengwa kwa mkopo wa China, zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa Oktoba 2015. Elimu ile haikutolewa hata baada ya hapo. Leo ukimuuliza kijana wa bodaboda hapa Lindi gesi ya kiwanda cha kusafishia cha Madimba inatoka wapi, ana uwezekano mkubwa wa kukuonyesha bahari kuu.

4. Visima hukauka, na hatuambiwi

Kiliwani North, karibu na uwanja wa Songo Songo, ilianza kutoa gesi mwaka 2016. Haukupita muda mrefu mgandamizo ukashuka, na kufikia 2018 kisima kilikuwa hakitoi tena. Hilo hutokea popote duniani na si aibu kwa mtu yeyote. Lakini je, tukio hilo liliipunguza namba ya jumla? Na gesi iliyokwisha kuchomwa kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo na Kinyerezi na viwandani tangu 2004 imetolewa kwenye hesabu? Namba ambayo haipungui huku kitu chenyewe kinatumika kila siku inastahili maelezo.

5. Halmashauri zetu haziwezi kukagua kisichojulikana

Chini ya mikataba ya kugawana uzalishaji, mwekezaji hurejesha kwanza gharama zake, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati yake na taifa. Huo ni utaratibu wa kawaida duniani na siupingi. Maana yake ni kwamba hata gesi ikitoka, si yote ni yetu, na miaka ya mwanzo sehemu yetu huwa ndogo. Mwananchi aliyetajiwa trilioni 57 bila kuelezwa hili anajiona ameibiwa kabla hata mgao haujaanza. Halmashauri nazo zina haki ya ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Diwani asiyejua kiasi kinachotoka kisimani atajuaje kama alicholipwa ni sahihi?

6. Muda unakwenda

Gesi isiyouzwa kwa wakati inaweza isiuzwe kabisa. Qatar imetangaza kuongeza uwezo wake kutoka tani milioni 77 za gesi kimiminika kwa mwaka hadi milioni 142 kufikia mwaka 2030. Msumbiji, licha ya vita vya Cabo Delgado tangu 2017 na shambulio la Palma la Machi 2021 lililosimamisha mradi mkubwa wa nchi kavu, ilipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022 kutoka kwenye mtambo unaoelea. Wakati huohuo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Nature ulikadiria kwamba ili joto la dunia lisizidi nyuzi mbili, theluthi ya mafuta, nusu ya gesi na zaidi ya asilimia 80 ya makaa ya mawe yaliyo kwenye akiba za dunia yabaki chini hadi 2050. Wanunuzi wetu watarajiwa wa Asia na Ulaya wanasoma tafiti hizo, na wanapanga mikataba yao ya miaka ishirini wakiwa nazo mezani.

Nimepiga hesabu ya ubaoni. Kiwanda cha tani milioni 10 kwa mwaka, ukubwa uliotajwa mara nyingi kwa Lindi, hutumia takriban nusu trilioni ya futi za ujazo kila mwaka. Kikifanya kazi miaka 30 bila kusimama kitatumia trilioni 15 hivi. Kwa hiyo hata mradi ukianza, na ukaenda vizuri, sehemu kubwa ya namba tunayojivunia itakuwa bado iko chini ya bahari wakati wajukuu zangu wana mvi. Hilo linapaswa kusemwa sasa, na kwa sauti ileile inayotumika kuitangaza namba yenyewe.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema takwimu hizi ni siri ya biashara. Makampuni hayo yanazitangazia soko la hisa. Januari 2021 kampuni ya Equinor, mwendeshaji wa kitalu namba 2, iliwaambia wanahisa wake kwamba imefuta dola milioni 982 kwenye thamani ya mradi wa Tanzania, kwa kuwa haukuwa umeonyesha faida ya kutosha kubaki kwenye vitabu vyao. Mwekezaji aliyeko Oslo alipata taarifa hiyo kwa maandishi. Sisi tunaoishi jirani na eneo la kiwanda hatukuitiwa mkutano. Zaidi ya hayo, Bunge letu lilitunga Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Rasilimali Madini, Mafuta na Gesi Asilia mwaka 2015, na mwaka 2017 likatunga ile ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake, inayosema kwamba rasilimali hizi ni za wananchi. Mwenye mali hawezi kufichwa hesabu ya mali yake.

Mtasema haya yote ni makadirio na hubadilika. Ni kweli. Basi tupeni makadirio ya chini, ya kati na ya juu, yenye tarehe, na mwakani mtupe mapya. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaelewa makadirio, wanakadiria mvua.

Mtasema namba ndogo itawatisha wawekezaji. Hakuna kampuni inayoweka mabilioni ya dola kwa kusikiliza hotuba. Wana data zao za mitetemo, wana sampuli za miamba, wana wakaguzi huru. Mtu pekee anayeitegemea namba ya jukwaani ni yule asiyekuwa na nyingine.

Na huenda mtu akasema kwamba kuyaandika haya ni kuchochea wananchi. Kwa yale niliyoyaona mwaka 2013, ukimya ndio uliochochea.

Tunachoomba

Kwanza, kabla ya hotuba ya bajeti ijayo ya nishati, lichapishwe jedwali moja kwa Kiswahili linaloonyesha kwa kila uwanja, kuanzia Songo Songo na Mnazi Bay hadi Ntorya na kila uvumbuzi wa kina kirefu: gesi iliyomo, inayoweza kutolewa, akiba iliyothibitika, iliyokwisha kutolewa hadi sasa, tarehe ya makadirio na jina la aliyeyahakiki.

Pili, kila kiongozi anapotaja trilioni 57.54 kwenye hotuba, ataje hapohapo kwamba hiyo ni gesi iliyomo, na aitaje akiba iliyothibitika pembeni yake.

Tatu, tuelezwe mradi wa LNG unakwamishwa na nini hasa: kodi, bei ya soko, usalama wa mpaka, au vifungu vya mkataba. Kama kuna tarehe, tuipate. Kama haipo, iwe wazi kwamba haipo, ili mkazi wa Likong'o aamue kuhusu maisha yake.

Nne, wataalamu wa mkondo wa juu wa petroli, yaani utafutaji na uchimbaji, waje Kilwa Masoko, Lindi, Mtwara mjini, Msimbati na Madimba, wafanye mikutano ya hadhara yenye ramani ya vitalu ukutani na muda wa maswali usiokatwa. Niko tayari kusaidia kuandaa ramani na kueleza kwa lugha ya darasani, bila posho.

Tano, halmashauri zenye gesi zipewe kila robo mwaka kiasi kilichotoka kwenye kila kisima, ili zikague ushuru wake zenyewe.

Nitapokea jibu kwa maandishi kupitia gazeti lolote, redio ya jamii au ubao wa matangazo wa ofisi ya mkoa. Halihitaji kuandikwa kwa jina langu. Liandikwe kwa wananchi wa Lindi na Mtwara.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Lindi.

Nakala kwa:
Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Lindi na Mtwara
Waheshimiwa Madiwani wa Kilwa, Lindi na Mtwara
Wakuu wa shule za sekondari za mikoa hiyo, kwa ajili ya walimu wa jiografia
Vyombo vya habari